Samaki wangu walipinda migongo kwa premiksi ya kuku: uzi wa viongezo vya chakula cha tilapia

#1 UmmuNasra, Kisauni

Assalamu alaykum na habari za jioni jamani. Uzi huu ni mrefu, anayefuga tilapia huku pwani na avute kiti.

Mimi nafugia kwenye matangi mawili ya simiti nyuma ya nyumba. Maji ni ya kisima na yana chumvi kidogo, gramu 6 hivi kwa lita nilipopimiwa. Bahari ni 35, kwa hivyo hayo tilapia anayavumilia bila taabu. Mwaka jana niliweka vifaranga 1,200. Miezi miwili ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tatu nikamwona mmoja anaogelea kama nyoka. Nikamtoa, nikamlaza kiganjani, uti wa mgongo umejipinda kama herufi S. Wiki iliyofuata wakawa kumi na saba, kisha nikaacha kuhesabu kwa uchungu. Wengine mapezi yalikuwa yamelika nchani, na chini ya taya pana vidoa vyekundu vya damu.

Nikakimbilia duka la agroveti. Kijana wa dukani, baada ya kunisikiliza, akanipa kopo la unga wa rangi ya chungwa akaniambia ni busta, vijiko viwili kwa kilo ya chakula. Shilingi 850. Nilimaliza makopo matatu. Waliopinda hawakunyooka, na wapya wakazidi kupinda. Kopo zima lilikuwa na picha ya samaki mnene na maneno ya sifa, lakini hakuna palipoandikwa ndani mna nini.

Aliyenifumbua macho ni afisa mmoja wa uvuvi aliyekuja kumwona jirani. Hakuuliza kuhusu maji wala ugonjwa. Aliuliza, "Mama, unawalisha nini?" Nikamtajia: dagaa, mashudu ya alizeti, wishwa wa mchele, unga wa muhogo wa kushikanisha, na premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini. Akasema nenda kalete mfuko wa premiksi. Nikauleta. Ulikuwa wa kuku wa mayai, kwa sababu ndio uliokuwa dukani na mimi nilidhani vitamini ni vitamini. Akaisoma ile orodha kwa kidole: A, D3, E, K, zile za kundi B. Akafika mwisho. C haikuwemo.

Kuku hutengeneza vitamini C mwenyewe, kwenye figo. Ng'ombe na mbuzi huitengeneza kwenye ini. Ndiyo maana mtengenezaji wa premiksi ya kuku haoni haja ya kuitia. Tilapia hawezi kuitengeneza, sawa na mimi na wewe. Lazima aile. Asipoipata, kolajeni haishiki vizuri, nayo kolajeni ndiyo inayofunganisha mfupa, gegedu, ngozi na kuta za mishipa ya damu. Uti wa mgongo unalegea na kupinda, damu inavuja chini ya ngozi, kidonda hakifungi. Mabaharia wa zamani walioingia bandari hii ya Mombasa baada ya miezi baharini bila matunda wala mboga walikuwa na ugonjwa huo huo, tukauita kiseyeye. Mimi niliwapa samaki wangu kiseyeye, ndani ya Kisauni yenye malimau na mapera kila kona.

Jirani yangu wa Mwakirunge anatumia mapishi haya haya na premiksi ile ile, na samaki wake wamenyooka. Hilo lilinitatiza sana hadi nilipoelezwa. Yeye ana kidimbwi cha udongo na maji yake ni ya kijani. Ule ukijani ni mimea midogo, na tilapia huichuja na kuila mchana kutwa, ndani yake mna vitamini. Mimi maji yangu meupe, nilikuwa najisifu kwa usafi wake. Kwenye tangi safi samaki hana pengine pa kupata kitu ila mkononi mwangu.

Nimeandika haya kwa sababu nataka tuzungumze viongezo kwa jumla, kipi chafaa na kipi ni kututolea pesa.

#2 kijana_mikindani

Pole sana mamangu. Sasa nambie, busta zote ni uongo? Mimi natia ya probiotiki, ile ya bakteria wazuri, naona samaki wanakula kwa fujo. Na wale waliopinda, ukiwapa vitamini C sasa watanyooka?

#3 UmmuNasra, Kisauni

Shukran mwanangu. Waliopinda hawanyooki. Mfupa ukishajijenga umepinda ndio basi. Niliwauza kwa bei ya chini kwa mtu anayetengeneza samaki wa kukausha, nyama yao haina neno, lakini mnunuzi wa samaki mbichi akimwona ana kibiongo hamtaki.

Kuhusu busta, mimi sisemi zote ni uongo. Swali langu siku hizi kwa kila kopo ni moja tu, linajaza pengo gani? Nikijibiwa "linakuza samaki haraka" naondoka. Nikijibiwa lina kitu fulani, kiasi fulani kwa kilo, na chakula changu hakina kitu hicho, hapo nafungua mkoba.

Na kuna kosa jingine nililifanya ambalo hata premiksi nzuri ingelishindwa. Mimi nilikuwa nikishasokota chakula kwa mashine ya kusagia nyama, nakianika darini kwenye jua la saa sita. Vitamini C ya kawaida haistahimili joto, hewa wala mwanga. Hata ningeitia, ingeishia pale juu ya bati. Sasa naanika kivulini, kwenye wavu, upepo wa kusi ukivuma kinakauka siku moja na nusu.

#4 FundiPeleti, Changamwe

Bi Ummu Nasra umesema kweli tupu. Mimi nasokotea watu chakula kwa kilo, naomba niongeze.

Vitamini C yenyewe iko ya aina mbili sokoni. Ile ya chembe nyeupe chachu kama ya vidonge vya dukani hufa upesi. Ukichanganya na unga wenye unyevu, ukapitisha kwenye mashine inayopata moto, ukaweka ghalani mwezi mmoja kwa joto letu la Mombasa, kinachobaki ni kidogo mno. Aina ya pili imefungwa na fosfati. Hiyo hustahimili moto wa mashine na hukaa, na ikifika tumboni mwa samaki vimeng'enya vyake vinaifungua anaitumia. Tilapia anahitaji miligramu 50 hivi za hiyo ya pili kwa kilo ya chakula. Ni kidogo sana. Kilo moja ya chakula, uzito wa chembe mbili hivi za mchele! Kwa hivyo mtu asije akakwambia utie kijiko.

Sasa mimi pengo ninaloliona kila siku kuliko hata vitamini ni fosforasi. Kalsiamu samaki anaweza kuinyonya majini kwa matamvua, hasa kwa visima vyetu vyenye maji magumu. Fosforasi majini haipo ya kutosha, lazima itoke chakulani, nusu asilimia hivi ya ile anayoweza kuitumia. Mtu ananiletea mchanganyiko wa wishwa na mashudu matupu, kapunguza dagaa kwa sababu bei imepanda, ananiambia "fosforasi imo, nimesoma." Imo kweli. Lakini sehemu kubwa ya fosforasi ya nafaka na mbegu, kama thuluthi mbili, imefungwa kwenye kitu kiitwacho fitati, na tilapia hana kimeng'enya cha kuifungua. Inaingia mdomoni, inatokea nyuma, inaishia kulisha ukijani wa maji. Samaki anabaki na mifupa laini na ukuaji wa kusuasua.

Dawa ni mbili. Ama utie fosfati ya kalsiamu ya kulishia mifugo, na ile ya monokalsiamu samaki huimeng'enya vizuri kuliko ya dikalsiamu tuliyoizoea kwa ng'ombe. Ama utie fitasi, kile kimeng'enya chenyewe. Tumbo la tilapia lina asidi kali sana, na fitasi inafanya kazi vizuri humo. Tatizo ni kwamba moto wa mashine ukipita nyuzi 80 fitasi ya kawaida inakufa, kwa hivyo inanyunyizwa juu ya tembe za chakula zikishapoa.

Na tafadhali, fosfati ya mbolea isitiwe chakulani. Nimeshaletewa. Ya mbolea huweza kuwa na floridi na metali nzito. Ya mifugo imeandikwa kuwa ni ya mifugo.

#5 MamaBaraka_Likoni

Hamjambo wote. Mimi sina elimu ya hayo mafitati, nauza wali wa nazi na samaki karibu na feri. Kila siku napata ndoo mbili za machicha ya nazi. Nimechimba kidimbwi nyumbani, nina tilapia 400. Nawapa machicha asubuhi na jioni na wishwa kidogo, na mtu kaniambia ninunue kiongezo cha protini nichanganye. Ni kweli? Maana wana miezi mitano na bado ni wa kuweka kwenye kikombe.

#6 UmmuNasra, Kisauni

Sijambo dadangu, na hongera kwa kuthubutu.

Machicha umeshayakamua tui, protini iliyobaki ni kidogo, yamejaa mafuta na nyuzinyuzi. Hata mashudu ya nazi ya kiwandani, ambayo ni bora kuliko machicha, yana protini ya asilimia 20 hivi tu, na ina upungufu mkubwa wa laisini, ile asidi ya amino ambayo samaki hawezi kuikosa akakua. Tilapia wa umri wa wako anataka chakula chenye protini ya asilimia 30 hivi. Vifaranga wadogo kabisa wanataka 40 na zaidi.

Kwa hivyo usinunue kopo la kiongezo dada. Nunua dagaa. Hao ndio protini na ndio laisini, na fosforasi ya mifupa yao samaki anaitumia. Waoshe kwanza maana wanakuja na mchanga mwingi, na mchanga unaulipia kama dagaa. Kama dagaa ni ghali, soya iliyokaangwa vizuri. Mbichi usiitie, ina kitu kinachozuia mmeng'enyo wa protini mpaka kiuawe na moto. Machicha yako yabaki kuwa sehemu ndogo tu, na yawe ya siku hiyo hiyo. Yakilala yanachacha, na mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E na C zilizomo kwenye chakula chote.

Maji yako ni ya rangi gani?

#7 MamaBaraka_Likoni

Kijani, lakini asubuhi wanapanda juu wanahema.

#8 UmmuNasra, Kisauni

Basi hiyo shughulikia leo kabla ya lolote, dada. Machicha yanayozama yanaoza chini, yanakula hewa ya maji usiku. Maji ya joto yana hewa kidogo kwa asili, kwa nyuzi 30 hayabebi zaidi ya miligramu 7 na nusu hivi kwa lita hata yakijaa, na alfajiri ndipo panapokuwa pabaya zaidi kwa sababu ukijani nao ulikuwa unavuta hewa usiku kucha. Acha kulisha siku mbili, toa theluthi ya maji ya chini, weka mapya. Asubuhi usilishe mpaka jua lipande, saa tatu hivi. Samaki anayehema hata ukimpa chakula cha dhahabu hakimsaidii.

#9 bwawa_kubwa

Mnazunguka sana. Mimi nafuga samaki 6,000 na siri yangu ni mbili. Antibayotiki ya oksitetrasaiklini kidogo kwenye kila mfuko wa chakula, hakuna ugonjwa. Na ile homoni ya kiume, naitia mpaka siku ya kuvuna, wanakua wakubwa sawasawa. Hayo ya vitamini ni ya maprofesa.

#10 FundiPeleti, Changamwe

Ndugu yangu bwawa_kubwa, kwa heshima, hili la homoni nitalijibu kwa sababu nimefanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga.

Methiltestosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, hutumika kwa vifaranga tangu wanapoanza kula, miligramu 60 kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28. Kipindi hicho kifaranga hajaamua kuwa dume au jike. Ikipita, jinsia imeshakaa. Wewe unanunua vifaranga wa gramu tano, wameshakuwa madume au majike zamani. Unachowatilia baada ya hapo hakibadilishi kitu, unatia homoni ndani ya samaki atakayeliwa na mtoto wa mtu. Wanaoitumia ipasavyo huitumia miezi mingi kabla ya samaki kufika sokoni, na huvaa glovu na barakoa wanapochanganya, na mwanamke mjamzito hasogei. Wako wanakua sawasawa kwa sababu aliyekuuzia vifaranga alikufanyia kazi nzuri, basi.

#11 UmmuNasra, Kisauni

Na mimi nitasema la antibayotiki, na nalisema kwa moyo wangu wote kwa sababu nina mtoto aliyewahi kulazwa na dawa ya kwanza ikashindwa, na ya pili.

Ukitia dawa kidogo kidogo kila siku, bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Wanabaki kwenye tope la bwawa lako, kwenye maji unayoyamwaga kuelekea mkondo wa Tudor au Mtwapa, kwenye mikono yako. Siku samaki wataugua kweli hutakuwa na cha kuwatibu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kwenye chakula tangu 2006. Dawa ni ya samaki aliyethibitishwa anaumwa, kwa kipimo, kwa siku zilizohesabiwa, na kuvuna kunangoja mpaka itoke mwilini. Nakuomba, ndugu yangu, acha.

#12 bwawa_kubwa

Nimewasikia. Homoni naacha leo, sikujua hilo la siku 28, aliyeniuzia alinambia tofauti. Dawa nayo naiogopa kuiacha ghafla, mwaka juzi walinifia 900 kwa usiku mbili.

#13 MzeeShanzu

Shikamooni wadogo zangu hamkuniamkia, lakini nimewasamehe, mazungumzo ni mazuri.

Wewe wa 900, walikufa mwezi gani? Walikufa baada ya mvua? Chakula ulikuwa nacho ghalani tangu lini? Nauliza kwa sababu samaki wengi wanaokufa huku pwani naona chanzo ni gunia. Unyevu wetu wajulikana, chumvi ya mezani yaloana kwenye kopo. Gunia la mahindi au mashudu ya karanga na pamba likikaa sakafuni, limeegemea ukuta, msimu wa masika, ukungu unaingia ndani kabla hujauona nje. Ule ukungu unatoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 Makueni, Kitui na jirani zake, hakuna asiyekumbuka. Samaki hufa polepole. Ini linaharibika, anapungua hamu ya kula, kinga inashuka, kisha bakteria wa kawaida aliyekuwa majini siku zote anakuja kummaliza. Wewe unamwona bakteria, unanunua dawa. Kumbe gunia.

Kuna viongezo vya kunasa sumukuvu, udongo wa bentonaiti na ukuta wa hamira. Vinafanya kazi kiasi fulani na kwa sumu fulani. Havigeuzi mahindi yaliyooza kuwa chakula. Mimi naweka magunia juu ya mbao, shibiri mbili kutoka ukutani, na silimbikizi zaidi ya mwezi na nusu. Ninayemnunulia anajua nitafungua gunia na kunusa mbele yake.

Wale wa umri wangu mwakumbuka machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalivyokuwa. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza 1971 kupanda mivinje juu ya mawe matupu, jongoo wakaletwa wakatafuna majani yake yakawa udongo, na tilapia wakafugwa mle mle. Kwa hivyo msiambiwe samaki huyu ni wa bara na hatumwezi. Twamweza tangu zamani.

#14 bwawa_kubwa

Marahaba nastahili kuipokea mimi kwa kosa hilo mzee wangu, shikamoo. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua ilikuwa nyingi. Magunia yalikuwa sakafuni. Nimenyamaza.

#15 MzeeShanzu

Marahaba mwanangu. Yainue leo.

#16 binti_wa_Msambweni

Mimi niko Kwale lakini naomba nichangie. Huku kina mama wa Kibuyuni na vijiji vya jirani wanalima mwani. Yale mabaki yasiyouzika naosha chumvi, nachemsha yanakuwa kama uji mzito, nashikanishia chakula badala ya unga wa muhogo. Tembe zinakaa majini muda mrefu bila kuvunjika. Protini yake ni ndogo, hiyo najua, ni gundi tu. Lakini tembe isiyovunjika ni kwamba vitamini mnayoizungumza inaingia tumboni badala ya kuyeyuka majini.

Swali langu ni kuhusu kitunguu saumu na mwarobaini. Kila mtu anasema tia. Na maziwa lala je?

#17 UmmuNasra, Kisauni

Hilo la mwani ni zuri sana mdogo wangu, nitakuja nilione kwa macho.

Kitunguu saumu ndicho kiongezo pekee cha jikoni ambacho mimi naendelea nacho. Kimefanyiwa majaribio mengi kwa tilapia, aghalabu gramu 10 hadi 30 za unga wake mkavu kwa kilo ya chakula, na mengi yameonyesha samaki kula vizuri na kustahimili zaidi maambukizi. Nguvu yake inazaliwa pale unapokiponda, kwa hivyo ukiponda kiache dakika kumi kabla ya kuchanganya, na usikichemshe. Mimi nakitia wiki moja kabla ya kuhamisha samaki na wiki moja baada. Kila siku siwezi, bei ya Marikiti hainiruhusu. Na siwezi kukuapia kwamba kwangu kimesaidia, kwa sababu nilikitia matangi yote mawili kwa pamoja. Ningeacha moja bila ndipo ningejua.

Mwarobaini una tahadhari. Huo unaua wadudu, na maji yake yakizidi yanaua na samaki. Watu humwaga ndoo nzima ya majani yaliyochemshwa kwenye tangi kwa kusikia tu kwamba unatibu maradhi arubaini. Usitie.

Maziwa lala nayo, wale bakteria wake ni wazuri lakini wanakufa kwa moto na kwa jua. Ukinyunyizia juu ya tembe zilizokwisha kukauka na ukalisha saa hiyo hiyo, sawa. Zile za jamii ya Bacillus hujifunga kama mbegu zikalala, zinastahimili moto wa mashine, ndiyo maana probiotiki nyingi za dukani ni hizo. Kijana_mikindani, soma kopo lako. Kama limeandika jina la bakteria, idadi yake kwa gramu na tarehe ya mwisho, endelea nalo. Kama ni sifa tupu, unajua nilivyoumia.

#18 FundiPeleti, Changamwe

Naafiki, ila kwenye probiotiki mimi nina shaka zaidi yako bi mkubwa. Nimeona faida kwa watu waliosonga samaki wengi kwenye maji mabovu. Kwa mtu mwenye samaki wachache na maji mazuri, wengi wananiambia hawaoni tofauti. Pesa hiyo ingenunua pampu ndogo ya hewa.

#19 kijana_mikindani

Nimesoma kopo. Limeandika "vijidudu rafiki." Basi.

Sasa nataka premiksi ya samaki hasa. Nimezunguka mjini, aliyenayo anauza mfuko wa kilo 25 tu, hafungui.

#20 UmmuNasra, Kisauni

Huo ndio ukuta tuliogonga sote, na nafikiri ndio unaowasukuma watu kwenye premiksi ya kuku. Hebu tupige hesabu. Samaki wangu 1,200 wakifika gramu 300 ni kilo 360 za samaki. Chakula kilo moja nukta sita kwa kila kilo ya samaki, jumla kilo 580 hivi kwa msimu mzima. Premiksi hii inatiwa gramu 5 kwa kilo, mfuko unatosha kilo 5,000 za chakula. Misimu minane na zaidi kwa mtu mmoja! Na ukishafunguliwa, kwa joto hili, mimi singeutegemea kupita miezi sita.

Mimi nina kilo tatu za premiksi ya samaki zilizobaki na zinaisha. Tangu nianze nazo nimeshapandisha kundi jipya, wana miezi minne, nawatoa kumi kumi kila Ijumaa nawalaza kiganjani. Wote wamenyooka. Wale waliobaki wa zamani, sita, nimewaacha kwenye pipa, sikuwa na moyo.

Tukipatikana wanane tununue mfuko mmoja tugawane.

#21 FundiPeleti, Changamwe

Mimi namo. Nina mizani ya gramu. Na mjifunze kuchanganya kwa hatua, gramu 50 za kilo kumi msizitupe zote kwenye beseni. Anza na nusu kilo ya wishwa, changanya mpaka rangi iwe moja, ongeza kilo mbili, kisha ndio iliyobaki. La sivyo samaki mmoja anapata yote na tisa hawapati kitu.

#22 MamaBaraka_Likoni

Nihesabuni, nusu sehemu tu. Nimetoa maji kama ulivyonambia Ummu Nasra, leo alfajiri hawakupanda. Machicha nampa jirani mwenye nguruwe.

#23 bwawa_kubwa

Mimi nachukua sehemu tatu. Na gari ninalo, nitaufuata mfuko.

#24 MzeeShanzu

Nami moja. Kutaneni Kongowea Jumamosi saa mbili, kabla jua halijakolea, upande wa wauza ndizi kuna kivuli.

#25 binti_wa_Msambweni

Nitavuka feri na mwani wa kuonyesha. Nibebee chombo gani?

#26 UmmuNasra, Kisauni

Kopo lenye kifuniko cha kukaza, na mfuko mweusi wa kuliviringishia lisipigwe na mwanga. Ukifika nyumbani liweke mahali pa baridi, mbali na jiko. Andika tarehe juu yake kabla hujaondoka pale.